Vyuo vya anga visipopata walimu, mzigo wa mkulima haupandi ndege

Mkulima wa maua wa Arusha au mfanyabiashara wa minofu ya sangara wa Mwanza akifungua gazeti na kukuta tangazo la nafasi za kazi katika chuo cha usafiri wa anga, kuna uwezekano mkubwa kwamba atalipita haraka kwenda kwenye ukurasa wa bei za mazao. Haoni linalomhusu. Tangazo linataka wahadhiri wasaidizi, wakufunzi wa matengenezo ya ndege, mafundi sanifu wa maabara, mhasibu, mkutubi na dereva. Hayo, atasema, ni mambo ya wasomi wa mjini.

Hata hivyo tangazo la namna hiyo, na hasa linaporudiwa mara kwa mara kwa nafasi ileile, ni habari ya biashara yake. Ndege haiondoki uwanjani kwa sababu ina rubani na mafuta tu. Inaondoka kwa sababu mhandisi mwenye leseni ameikagua na kutia saini kwamba inafaa kuruka, mwongoza ndege ameipa ruhusa, mtabiri wa hali ya hewa ametoa taarifa yake, na nyuma ya hao wote yupo mkaguzi wa serikali anayehakikisha kwamba kila mmoja anafuata kanuni. Watu hao hawaoti kama magugu. Kila mmoja wao alifundishwa na mtu mwenye leseni na uzoefu, na huyo ndiye anayetafutwa katika tangazo.

Ushahidi kwamba jambo hili linafika hadi shambani si wa kubuni. Juni 2023 Tanzania ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767-300F yenye uwezo wa kubeba tani 54, na wakulima wa mboga, matunda na maua walielezwa kwamba hatimaye mazao yao yangekuwa na usafiri wa nyumbani. Kwa miaka mingi maua ya Arusha na Kilimanjaro yamekuwa yakipakiwa kwenye malori, kuvushwa mpaka wa Namanga na kwenda kupanda ndege Nairobi, wakati uwanja wa Kilimanjaro uliofunguliwa 1971 uko pale pale jirani. Lakini Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuruka katika anga ya nchi wanachama, na Juni 2025 zuio likapanuliwa hadi kwa mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na Kamisheni ya Ulaya ni upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu katika usimamizi wa usalama wa usafiri wa anga.

Ikumbukwe kuwa zuio la aina hiyo linahusu mashirika ya ndege, halihusu maharage mabichi wala maua. Mazao yanaweza kwenda Ulaya kwa ndege za mashirika ya nje. Tofauti ni kwamba mkulima anakuwa na wenye ndege wachache zaidi wa kujadiliana nao, na yeyote aliyewahi kupeleka nyanya katika soko lenye dalali mmoja anajua bei hupangwa na nani siku hiyo.

Ndege mpya hununuliwa kwa fedha, na fedha zikipatikana ndege inakuja. Mtu mwenye sifa hapatikani hivyo. Mhandisi wa matengenezo ya ndege husoma, hufanya mitihani ya masomo mbalimbali ya leseni, kisha hufanya kazi kwa miaka chini ya mwenye leseni kabla ya kuruhusiwa kusaini peke yake. Baada ya hapo bado anahitaji mafunzo ya aina mahususi ya ndege. Aliyezoea ndege ndogo ya pangaboi hasaini Boeing. Kutoka darasani hadi saini ni safari ndefu kuliko ya mparachichi kutoka kwenye kitalu hadi mavuno ya kwanza. Chuo kikikosa mkufunzi wa somo moja mwaka huu, pengo litaonekana uwanjani miaka mingi baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kwamba palikuwa na tangazo la kazi ambalo halikupata mtu.

Je, kwa nini nafasi hizo hazijai? Maelezo yake mkulima anayafahamu vizuri sana, ingawa hakuwahi kuyasikia yakisemwa kuhusu ndege. Ni kula mbegu. Mwaka wa njaa kaya hutazama gunia la mahindi lililotengwa kwa ajili ya kupanda, na tumbo hushinda. Mhandisi mwenye leseni, rubani mwenye saa nyingi angani na mwongoza ndege mzoefu wanatakiwa kwa wakati mmoja na mashirika ya ndege, na mamlaka inayotafuta wakaguzi, na vyuo vinavyotafuta walimu. Kundi ni lilelile dogo. Shirika la ndege hulipa zaidi, tena mashirika ya Ghuba hulipa zaidi ya yale ya hapa. Mamlaka nayo ina uwezo wake. Chuo, ambacho mishahara yake imefungwa kwenye viwango vya taasisi za elimu ya juu za umma, hubaki na anayependa kufundisha kwa moyo, na hao wapo, lakini si wengi.

Kila shirika linapomwondoa mkufunzi mmoja chuoni linaziba pengo lake la leo. Wala halifanyi kosa kwa hesabu zake lenyewe. Hasara huwa ya wote, kwa hiyo hakuna anayeiandika katika vitabu vyake.

Tatizo hili halikuanzia Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Embry-Riddle cha Marekani, ambacho ni miongoni mwa vyuo vikuu vinavyojulikana zaidi duniani kwa masomo ya anga, hutangaza nafasi za walimu wa urubani karibu kila wakati. Kilianza 1925 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, kama kampuni iliyouza ndege na kufundisha watu kuzirusha. Leo kina kampasi kubwa mbili, moja Daytona Beach, Florida, na nyingine Prescott, Arizona. Anayeona matangazo yake yasiyokwisha anaweza kudhani kwamba chuo hicho kina matatizo ya utawala. La hasha. Ndivyo kilivyopangwa.

Chanzo ni ajali. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo na kuua watu 50. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria alitakiwa kuwa na saa 1,500 angani. Aliyehitimu shahada ya urubani katika chuo kilichoidhinishwa aliruhusiwa kuanza na saa 1,000. Sasa kijana anayemaliza masomo ana saa mia mbili na kitu. Saa nyingine atazipata wapi bila kuuza nyumba ya wazazi wake? Anaajiriwa na chuo chake kilekile kuwafundisha walio nyuma yake, kwenye ndege ndogo aina ya Cessna 172, na kila saa anayokaa kando ya mwanafunzi inaandikwa katika kitabu chake. Baada ya mwaka mmoja au miwili saa zimetimia, anaondoka kwenda shirika la ndege, na nafasi yake inatangazwa upya.

Kwa maneno mengine, chuo hicho hakikujaribu kumfunga kamba mwalimu anayetaka kuondoka. Kimekubali kwamba ataondoka, kikapanga anayefuata awe tayari. Ni kama shamba la migomba: mkungu ukikatwa, chipukizi limeshasimama pembeni. Utaratibu huu una kasoro zake, na si vizuri kuufanya uonekane wa ajabu kuliko ulivyo. Mwanafunzi hufundishwa na mtu aliyemzidi miaka miwili tu, na mashirika yanapoajiri kwa kasi, kama ilivyotokea baada ya kupungua kwa janga la Uviko-19, walimu huondoka kabla machipukizi hayajakomaa. Lakini vyuo vya namna hiyo hugawa kazi. Mwalimu kijana hukaa na mwanafunzi ndani ya ndege. Darasani, katika baadhi ya idara, husimama mtu aliyeruka ndege kubwa kwa miaka mingi, na tangazo la nafasi yake huuliza leseni na uzoefu sambamba na shahada.

Ethiopia ilichagua njia nyingine kabisa. Chuo cha anga cha Addis Ababa, ambacho sasa ni chuo kikuu, kinamilikiwa na shirika la ndege lenyewe. Huko mwenye shamba ndiye mwenye ghala la mbegu, na akila mbegu anajua msimu ujao atalala njaa yeye.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuwa na ghala la pamoja. Mwaka 1971 chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilianzishwa kwa ajili ya nchi zote tatu za Jumuiya ya wakati ule. Jumuiya ikavunjika 1977, chuo kikabaki Uganda, na kila nchi ikaenda kutafuta walimu wake kivyake. Nchi tatu zilizokuwa zikigharimia walimu wa darasa moja zikaanza kugombea walimu walewale wachache.

Kwa upande wa Tanzania, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kimepewa jukumu kubwa. Kilianza 1975 kwa masomo ya usafirishaji wa barabara, na katika miaka ya karibuni kimeingia katika matengenezo ya ndege na urubani, kikiwa miongoni mwa vituo vya umahiri vilivyogharimiwa na mradi wa Benki ya Dunia wa kuinua mafunzo ya ufundi Afrika Mashariki. Majengo na vifaa vya mafunzo vimepatikana. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini yeyote aliyeishi kijijini amewahi kuona zahanati mpya iliyopakwa rangi vizuri, yenye kitanda na godoro lake, isiyokuwa na mganga.

Hapa ndipo masharti ya ajira yanapotakiwa kutazamwa kwa makini, maana kikwazo si mshahara peke yake. Matangazo ya ajira za umma, yanayotolewa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa kawaida huanza na sharti kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa aliye tayari kazini serikalini. Kwa mhasibu au dereva sharti hilo halina shida. Kwa mwalimu wa ndege ni sawa na kumfungia mlango mtu unayemtafuta. Mhandisi aliyetumikia shirika binafsi la ndege hufikisha miaka 50 akiwa na ujuzi ambao hakuna kitabu kinachoutoa. Amechoka kukesha karakanani, watoto wamekua, na pengine ni wakati huo ndipo angekubali mshahara mdogo ili afundishe na kulala nyumbani. Tangazo linamwambia amechelewa.

Sharti la pili ni vyeti. Cheo cha mhadhiri msaidizi kinadai shahada ya uzamili, na shahada ya kwanza yenye alama za juu. Ni haki kabisa kwa mwalimu wa hisabati, fizikia au uchumi. Lakini mafundi wengi wazuri wa ndege walipitia stashahada na leseni, kisha karakana kwa miaka ishirini. Kwa mizani ya vyeti wako chini ya kijana aliyemaliza uzamili jana ambaye hajawahi kufungua injini ya ndege inayofanya kazi. Mkulima aliyekwisha kuletewa mtaalamu anayesoma kipimo cha mbolea kwenye kitini huku akiogopa kukanyaga tope ataelewa haraka tatizo liko wapi.

Sharti la tatu ni uraia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na moja ya ahadi zake ni wafanyakazi wa fani fulani kuvuka mipaka kwa urahisi. Parachichi, mahindi na vitunguu vinavuka, ingawa kwa vurugu za hapa na pale. Mkufunzi wa Soroti au wa Nairobi anayetaka kufundisha Mabibo kwa miaka mitatu bado ana safari ya vibali mbele yake, na tangazo lenyewe halimwiti.

Kinachohitajika ni kufungua mlango wa pili wa ajira katika vyuo hivi. Wa kwanza ubaki kama ulivyo, wa shahada, kwa wale watakaofanya utafiti na kupanda ngazi za uhadhiri. Wa pili uwe wa leseni: mtu aajiriwe kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, umri wake usiwe hoja maadamu afya na leseni yake viko sawa, na alipwe kwa saa anazofundisha. Mashirika ya ndege nayo yatoe mhandisi au rubani wao siku moja kwa wiki. Shirika litapoteza siku hiyo, ni kweli, lakini ndilo litakaloajiri wahitimu, na hakuna sababu ya msingi ya kuvuna kila mwaka katika shamba ambalo hulipalilii.

Kuna hoja moja inayopaswa kujibiwa kwa heshima, kwa sababu hutolewa na watu wanaowatakia mema wakulima. Husema: kwa nini mwalimu wa ndege alipwe zaidi ya mwalimu wa kilimo wa Ukiriguru au mhadhiri wa Sokoine, wakati Watanzania wengi wanaishi kwa jembe na wachache sana wamewahi kupanda ndege? Swali ni zuri. Vijiji vingi havina bwana shamba wa kutosha, na shilingi moja haiwezi kutumika mara mbili. Ikiwa nyongeza hiyo itatoka katika fungu lilelile la kodi linalolipa maafisa ugani, basi jibu ni hapana, na mkulima ana haki ya kupiga kelele.

Lakini si lazima itoke huko. Usafiri wa anga ni biashara inayokusanya tozo zake yenyewe, kuanzia kwa abiria hadi ndege inapotua. Sehemu ya fedha hizo kurudi darasani si upendeleo, ni gharama ya kuendesha biashara hiyohiyo, kama vile ushirika wa kahawa unavyotenga fedha kwa ajili ya miche. Aidha hoja ya uchache wa wanaopanda ndege haina uzito mkubwa. Mkulima mwenyewe hapandi ndege, lakini mzigo wake unapanda. Na wakati mwingine ndege ndiyo inayomfuata shambani. Mwanzoni mwa 2021 nzige wa jangwani walipoingia kaskazini mwa Tanzania, katika maeneo ya Longido na Simanjiro, na kila msimu kwelea kwelea wanaposhuka kwenye mpunga, mtama na uwele, anayesubiriwa ni rubani wa ndege ya kunyunyizia viuatilifu. Kazi hiyo hufanywa chini sana, karibu na miti, na hairuhusu mwanafunzi aliyejifunza nusu nusu.

Lipo pia suala la wazazi. Wafugaji wanauza ng'ombe na wakulima wanauza viwanja ili kijana asome urubani au uhandisi wa ndege, na ada za masomo hayo ni kubwa. Urubani hasa hulipiwa kwa saa za kuruka. Mwalimu asipokuwepo, au leseni yake ikiisha, saa haziendi, lakini kodi ya chumba na chakula cha mwanafunzi vinaendelea. Kozi iliyoandikwa miaka miwili inakwenda mitatu, na ng'ombe wa nyongeza hawapo. Baadhi ya vyuo binafsi vinavyochipuka mijini vina vipeperushi vyenye picha za ndege kubwa ambazo mwanafunzi hataigusa hata moja.

Mzazi wa namna hiyo anaweza kulisoma tangazo la kazi kwa manufaa yake. Chuo kinachotangaza nafasi za wakufunzi wa masomo ya msingi ya leseni wiki chache kabla ya muhula kuanza kinajieleza chenyewe hali yake. Kabla ya kulipa, mzazi aende chuoni siku ya kazi, siyo siku ya maonesho, aulize ni wakufunzi wangapi wenye leseni hai walioajiriwa kwa kudumu na wangapi wa kuazima, ni ndege ngapi za mafunzo zinazoruka wiki hiyo, na waliomaliza mwaka uliopita walichukua miezi mingapi badala ya ile iliyoandikwa. Aombe kuonyeshwa karakana. Kama chuo hakijaidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa kozi husika, cheti chake hakimfikishi kijana kwenye leseni hata kikiwa na muhuri wa dhahabu, na uthibitisho wa idhini hiyo unaweza kuulizwa kwenye Mamlaka yenyewe kabla ng'ombe hawajatoka zizini.